Daktari Aliyeandikia Mgonjwa Mbuzi

Siku mliyoniaga pale idarani, mmoja wenu aliniomba niandike uzoefu wangu ili nyinyi mnaobaki mpate kusoma. Sitamtaja, kwa sababu bado ana miaka mingi ya kunisema. Nilianza kuandika kuhusu vyeo, nikasinzia. Nikajaribu mshahara, nikakasirika. Sasa naandika kuhusu wagonjwa, na hasa mmoja. Mkisikia nacheka peke yangu sebuleni, mjue nimefika kwa Biji.

Mimi ni Mumbua, mzaliwa wa Nuu, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya hapa Mwingi. Hilo neno watu hawakuliweza. Waliniita daktari wa kukanda, daktari wa mazoezi, na mzee mmoja aliyetoka mbali aliniita mwalimu wa kutembea. Huyo wa mwisho sikumsahihisha.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Kilonzo, aliyekuwa idara nzima peke yake. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya pale wanapofulia mashuka, kwa hiyo mgonjwa alifika akiwa amelowa jasho kabla hajafanya zoezi lolote. Vifaa vilikuwa kitanda, kioo chenye ufa, vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, na rundo la mipira ambayo Mzee Kilonzo aliikata mwenyewe kutoka tyubu za baiskeli. Uzito wa kunyanyua ulikuwa mifuko ya mchanga. Mchanga ulitoka mtoni, mifuko ilitoka kwa mkewe, na mkewe alikuwa bado anaiulizia.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa dereva wa lori za Garissa, mwenye maumivu ya mgongo. Aliingia, akavua shati, akalala kifudifudi, akafumba macho. Nikamwambia asimame tuanze.

"Tuanze nini?" akauliza bila kufumbua.

"Mazoezi."

"Madam, mimi nimekuja kukandwa. PE nilimalizana nayo shule."

Nilimtazama Mzee Kilonzo. Yeye alikuwa anakunja mashuka, kazi ambayo haikuwa yake. "Mkande kidogo ndiyo akuamini," akaniambia kwa Kikamba. "Halafu mwinue." Nilimkanda kidogo, nikamwinua, na baadaye alikuwa akisimamisha lori nje ya hospitali kuja kunionyesha jinsi anavyoinama.

Mzee Kilonzo alikuwa na sheria moja ambayo hamtaipata kwenye vitabu vyenu. Alisema usimpe mtu zoezi ambalo jirani yake atalicheka, maana atalifanya mbele yako tu. Mama mmoja nilimfundisha kulala chali na kupiga baiskeli hewani. Mumewe akaja kuuliza kama mkewe amepagawa. Basi tukabadilisha, akawa anakanyaga udongo wa matofali, zoezi lile lile, na mume akamsifu kwa bidii.

Biji alikuja wakati Mzee Kilonzo ameshastaafu na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa chumba. Waliobaki kutoka enzi hizo wanakumbuka gari lilivyosogezwa hadi mlango wetu, likakanyaga ua la matroni. Akashuka Jaswant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa mto, akatoa mto mwingine, kisha akamtoa mama yake. Kutoka dukani hadi hospitali ni mwendo ambao mtoto wa nasari huenda akirusha jiwe.

Jaswant mnamjua. Alikuja kijana kutoka Punjab kumsaidia mjomba wake, mjomba akahamia kwingine, yeye akabaki na duka. Ukutani, juu ya mabomba, alikuwa ametundika picha yake ya ujana akicheza kabadi, ule mchezo wa kwao wa kukamatana huku umezuia pumzi. Kwenye ile picha ana mapaja kama nguzo za daraja. Mimi nilipomfahamu, kiungo chake chenye nguvu kilikuwa kidole gumba. Alikaa juu ya stuli kutoka asubuhi mpaka jioni, na akitaka kwenda benki upande wa pili wa barabara alipanda gari. Wasikhi wenzake wa Makindu, alipokwenda kusali hekaluni kwao, walimtania kwamba kilemba chake kinazidi kupanda juu ilhali mkanda unazidi kushuka chini.

Msidhani ni uvivu. Mwenyewe aliniambia kwamba alipofika alikuwa akitembea jioni kama kwao, na kila hatua mtu alimsimamisha: "Boss, gari imeharibika?" Jamaa zake nao walimtia hofu, wakisema Mhindi anayetembea kwa miguu ni kama duka lisilo na mlango. Akaacha. Mwili nao ukajifunza nchi mpya kwa kukaa.

Mama yake alimfuata baada ya kufiwa na mume. Biji si jina, ndivyo wanavyomwita mama kwao, lakini mji mzima ulilichukua, na watoto wakaongeza neno la Kikamba la kumheshimu mama, wakawa wanamwita Mwaitu Biji. Alikuwa mfupi, mweupe wa nywele, amevaa suruali pana, kanzu fupi na mtandio. Kiswahili chake alikuwa amekiokota dukani, kwa hiyo chote kilikuwa cha vifaa vya ujenzi.

"Mama yangu iko na shida ya magoti, na sukari imepanda," Jaswant akaanza. "Halali vizuri, hali vizuri, hataki—"

"Wewe nyamaza," Biji akamwambia. Akanigeukia, akapiga goti lake kwa kiganja. "Daktari, hii bawaba mbaya. Mafuta kwisha."

Nikampima. Alikuwa sahihi. Nikamuuliza nyumbani kwao alikuwa anafanya nini kila siku, na hapo Jaswant akaona haya. "Alikuwa anatembea," akasema. "Na kucheka."

"Kucheka?"

Ikabidi anieleze. Kule kwao, Biji na akina mama wa mtaa walikuwa wakizunguka bustani kila jioni, halafu wanasimama duara, wanainua mikono juu na kucheka kwa nguvu. Hakuna anayesema kichekesho. Wanacheka tu, ho ho, ha ha ha, kwa ajili ya mapafu na moyo. Alipohamia Mwingi, wenzake waliendelea kumpigia kwa video ili acheke nao. Shida ni kwamba jioni yao ni mchana wetu. Biji aliiegemeza simu kwenye magunia ya saruji, stoo ya nyuma ya duka, na kila mchana wakati mji umelala kwa joto alikuwa anacheka na Punjab.

Siku moja familia kutoka upande wa Nuu ilikuja kununua saruji ya kujengea kaburi. Jaswant alikuwa ameinamisha kichwa, mkono kifuani, anawapa pole kwa Kikamba safi. Ndipo ukuta wa nyuma ukaanza kucheka. Alisema kilichomuumiza zaidi ni kwamba haukuacha. Mzee wa ile familia alivua kofia, akaivaa tena, akauliza, "Huyo anacheka marehemu wetu?"

Tangu siku hiyo Jaswant alimkataza mama yake kucheka. Biji akakaa. Asubuhi aliteremka ngazi, maana waliishi juu ya duka, akakaa nyuma ya kaunta. Jioni akapanda, akakaa mbele ya televisheni.

"Mimi sasa kama saruji," Biji akaniambia, na hakuwa anatania. "Kaa stoo, kaa stoo, halafu kuwa jiwe." Akasema jambo kwa Kipunjabi, na Jaswant akatazama sakafu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nimrudishe nyumbani." Akashusha sauti ingawa mama yake alikuwa pale pale. "Daktari, nyumba ilishauzwa. Nitamrudisha kwa nani?"

Nikamwandikia dawa niliyoijua. Atembee kila asubuhi kabla jua halijawa kali, kutoka dukani hadi msikitini na kurudi, polepole, akiongeza kidogo kidogo. Jaswant akamnunulia raba nyeupe. Mimi nikajiona nimemaliza kazi.

Yaliyotokea asubuhi ya kwanza nilisimuliwa na karibu kila mtu mjini. Hajapita duka la pili, wa bodaboda akasimama: "Mama, panda, usitembee kama nipo." Akakataa kwa adabu. Lori likapunguza mwendo, utingo akaruka chini kumfungulia mlango. Akakataa. Fundi wa magari akamwona, akachukua boksi lake la spana, akaenda moja kwa moja kwa Jaswant kuuliza gari limezimikia wapi. Karibu na msikiti, Mama Rukia, yule wa duka la leso, alitoka mbio na stuli. Alimkalisha kivulini, akampa chai ya maziwa yenye sukari ya wageni, akamwekea mahamri. Biji hakuwa na Kiswahili cha kukataa mahamri; dukani kwao hayauzwi. Alirudi nyumbani juu ya bodaboda, amekaa upande, amekumbatia chupa ya chai aliyopewa akamnyweshe mwanawe.

Ikawa hivyo kila siku. Alipokuja kliniki, sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Alikuwa ametoka kutembea kila asubuhi na hakuwa ametembea hata kidogo.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa. Waliingia dukani na vitambaa vyao vya kichwa vya sare, wakiongozwa na Mama Ndinda, mjane anayefuga mbuzi, mwenye sauti ambayo haihitaji spika. Wakampanga Jaswant katikati ya wilibaro na mabati, wakamwombea. Kisha Mama Ndinda akasema, "Mwanangu, hata kama amekukosea, ni mama. Mrudishe kwa gari."

"Mimi sijamtoa kwa gari!" Jaswant akalia. "Ni Daktari Mumbua amesema atembee!"

Basi wakaja kwangu, vitambaa na vyote. Nilikuwa namfunga bwana mmoja mpira wa tyubu mguuni, naye akafurahi kupata watazamaji.

"Daktari, kwa nini unatesa mgeni?" Mama Ndinda akauliza.

Nikawaeleza kwamba kutembea ni dawa ya sukari, ya moyo, ya magoti. Mama Ndinda alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta sketi kidogo, akanionyesha goti lake lililovimba kama boga.

"Mimi nimetembea tangu nizaliwe," akasema. "Mtoni, shambani, sokoni, kanisani, na mtungi mgongoni. Kama kutembea ni dawa, hii ni nini?"

Yule bwana wa mpira akanitazama kuona nitajibu nini. Nilimwambia Mama Ndinda aketi nilipime goti. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Siku chache baadaye simu ililia nikiwa nakunywa uji. Ilikuwa Jaswant, na hakunisalimia.

"Daktari, wewe umeandikia mama yangu mbuzi?"

"Nini?"

"Mbuzi! Iko hapa kwa stoo inakula boksi ya switchi! Mama anasema ni ya daktari. Anasema ni dawa!"

Nikaacha uji, nikaenda. Biji alikuwa amekaa juu ya gunia, ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo mbuzi dume mdogo wa rangi ya kahawia, anatafuna katoni kwa utulivu. Kwa vidole na maneno ya dukani akanieleza. Kila asubuhi, akiwa kwenye ile stuli ya Mama Rukia, alimwona Mama Ndinda anapita na mbuzi wake. Hakuna bodaboda iliyosimama wala lori lililopunguza mwendo. Hata Mama Rukia hakumkimbilia na stuli. Watu walimwambia habari ya asubuhi, wakampisha. Biji akafikiria. Kwao kijijini, kabla ya kuolewa mjini, alikuwa amechunga nyati wa maziwa. Siku ya soko alimshika Mama Ndinda mkono, wakaenda mnadani, na Mama Ndinda akamchagulia mbuzi kwa kumfungua mdomo na kukagua meno.

"Mimi tembea bure, watu uliza," akasema. "Mimi tembea na mbuzi, watu jua."

Nilimkumbuka Mzee Kilonzo na ile sheria yake ya jirani anayecheka. Nikamgeukia Jaswant. "Ndiyo," nikasema. "Nimemwandikia."

"Watu watasema nini? Mama ya Jaswant anachunga mbuzi?"

"Watasema anachunga mbuzi."

Hakufurahi. Na alinuna zaidi alipojua jina la mbuzi. Biji alimwita Jassi, ambalo ndilo jina Jaswant alilolelewa nalo. Kwa hiyo kila asubuhi, dukani kukiwa na wateja, sauti ilisikika kutoka barabarani: "Jassi! Toka! Mahindi ya watu! Jassi, kichwa kama nyundo!"

Mji ulimkubali siku hiyo hiyo. Yule wa bodaboda alimpungia mkono akapita. Fundi alimwonyesha njia yenye nyasi. Mama Rukia akawa anamsubiri akirudi, na chai ikapungua sukari kwa sababu Biji sasa alikuwa na haraka, ana mifugo. Alitoka na Mama Ndinda alfajiri, wakashuka hadi kwenye ule mto wa mchanga nje ya mji, wakachunga ng'ambo, wakarudi jua likianza kuuma. Sijui walizungumza lugha gani. Nilipowauliza, Mama Ndinda alisema, "Yeye anasema yake, mimi nasema yangu, tunamaliza pamoja."

Magoti ya Biji yakaanza kupinda. Sukari ikaanza kutii. Lakini Jaswant hakuwa na amani. Kila nilipopita dukani aliniambia atanunua tiketi, atampeleka mama yake Punjab kwa shangazi fulani, kuliko kumwona anadharauliwa. "Si anadharauliwa," nikamwambia. "Anasalimiwa." Akasema ni rahisi kwangu kusema hivyo, mimi si mtoto wa Biji.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mvua. Hapa mjini palikuwa pakavu, ila juu huko ilikuwa imenyesha, na nyinyi mnajua mito yetu. Unavuka mchanga mtupu, unageuka, kuna maji. Ilipofika karibu saa sita Jaswant alikuja hospitalini akikimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa ni kutoka kwenye gari hadi mlangoni, lakini alikuwa amebadilika rangi.

"Hawajarudi," akasema. "Mto umejaa."

Niliingia garini na koti langu jeupe. Tuliendesha hadi mahali barabara inapogeuka njia ya ng'ombe, na pale gari likazama kwenye matope hadi mlangoni. Jaswant alikanyaga mafuta mara kadhaa, tukazidi kwenda chini. Ikabaki miguu.

Hakuwa ametembea mwendo kama ule kwa miaka. Alianza kwa kukimbia, kabadi yote ikamrudia kichwani lakini haikumfikia miguuni. Akasimama. Akashika mti wa miiba, akauacha haraka. Mimi nilikuwa nyuma yake nikifanya kazi yangu.

"Pumua kwa pua."

"Daktari, nyamaza."

"Legeza mabega."

"Daktari!"

Alikuwa anatokwa na jasho na machozi, na sikuweza kujua kipi ni kipi. Akaanza kusema, si kwangu, kwamba yeye ndiye aliyemleta huku, kwamba mama alikuwa na bustani na wenzake, naye akamweka stoo. Sikumwambia apumue tena. Nilimshika kiwiko, tukaenda.

Tulipotokeza ukingoni, mto ulikuwa umejaa maji ya kahawia, yanakokota matawi. Na ng'ambo, mbali kidogo, tuliwaona. Wanawake wawili wamesimama, mikono juu, wanapiga kelele.

Jaswant alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia mtu akiitoa. Akavua viatu, akaingia majini. Niliukamata mkia wa shati lake, ukachomoka.

"JASSI! KAA HAPO!"

Sauti ilitoka ng'ambo, ikavuka maji kama jiwe. Jaswant akasimama, maji magotini, mikono ubavuni, kama mtoto aliyekamatwa na sukari guru. Yule Jassi mwingine, ng'ambo, hakujali, akaendelea kung'oa nyasi.

Hapo ndipo nilipowasikia vizuri. Ho ho. Ha ha ha. Hawakuwa wanaita msaada. Walikuwa wamevuka mapema, mto ukajaa nyuma yao, wakakaa mahali pakavu wakisubiri maji yapungue, na kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine walikuwa wanacheka. Mama Ndinda alikuwa ameshajifunza, na kwa ile sauti yake nadhani hata Punjab walimsikia bila simu.

Jaswant alirudi nyuma, akaketi mchangani, akalia waziwazi. Mama yake alisimama kumtazama, mikono bado juu. Akampigia kelele kwa Kipunjabi, maneno mengi.

"Anasema nini?" nikauliza.

Jaswant alifuta uso kwa kilemba kilichokuwa kinafunguka. "Anasema nahema kama nyati mgonjwa. Anasema niinue mikono."

"Basi inua."

Aliinua. Alicheka kwanza kama mtu anayekohoa, kisha ikamshika kweli. Mimi nami niliinua, kwa sababu za kikazi. Mzee mmoja alipita na punda, akatutazama, mwanamke wa koti jeupe na Mhindi aliyelowa, tunacheka mbele ya mto uliofurika. Akampiga punda fimbo waondoke haraka.

Maji yalipopungua, Jaswant alivuka kumfuata. Akageuka, akainama ambebe mgongoni. Biji akamtwika mtoto wa mbuzi wa Mama Ndinda, kisha akavuka mwenyewe kwa fimbo yake, raba nyeupe mkononi.

Tulirudi kwa miguu sote, kwa kuwa gari lilikuwa limekataa. Tulipofika barabarani, wa bodaboda akasimama.

"Boss! Gari imeharibika?"

Jaswant aliitazama ile pikipiki kwa mapenzi makubwa. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa amemshika Jassi wa miguu minne.

"Gari iko sawa," akasema. "Natembea na mama yangu."

Habari za tiketi sikuzisikia tena. Magoti ya Biji hayakurudi kuwa mapya, na nyinyi msimwahidi mtu hivyo. Lakini akawa anapanda ngazi za nyumbani kwake bila kushika ukuta, na miaka kadhaa baadaye alikwenda Punjab kutembelea wenzake na akarudi kabla ya muda wake, akisema kule bustani imejaa watu na hakuna nyasi ya mbuzi. Jaswant alianza kutoka naye asubuhi. Mtu akimuuliza, alisema anamlinda mama. Baadaye alisema anamlinda mbuzi. Mkanda wake ulianza kupata mashimo mapya upande wa ndani, na kucheka kukarudi stoo, ila sasa kuna kibao mlangoni kinachowaomba wateja wenye msiba wabishe kwanza.

Kuhusu swali la Mama Ndinda, nalo nililifikisha mahali. Miguu yake ilikuwa imetembea vya kutosha. Kilichomuumiza ni ule mtungi. Biji alipoelewa hilo, alishuka dukani, akachukua wilibaro bila kumuuliza mwanawe, akaisukuma mwenyewe hadi kwa mwenzake. Kwa mmoja dawa ilikuwa kutembea, kwa mwingine ilikuwa kupunguziwa mzigo. Mnapoandika mazoezi, tazameni kwanza huyo mtu ametoka wapi na amebeba nini.

Sasa nimefika kwa jambo linalowahusu nyinyi. Lile kochi mlilonipa siku ya kuniaga, lile la kuvuta kigingi miguu inapanda yenyewe. Asanteni. Idara ya fiziotherapia kumpa mstaafu wake kochi la kulala ni jambo nililolitafakari sana nikiwa nimelala humo. Nililipenda. Nililipenda hata nikaanza kunywea uji humo, kisha chakula cha mchana, na kiuno changu kikaanza kunipa habari ambazo kwa miaka mingi nilikuwa nikizipata kwa viuno vya watu wengine.

Biji alikuja kuniona. Alilizunguka kochi kama anayekagua mali mpya dukani. Alibonyeza sponji, akavuta kigingi, akapandishwa miguu, akakaa hivyo kitambo akitazama dari, na uso wake ukaonyesha raha tupu.

"Zuri?" nikamuuliza.

"Zuri sana," akasema. "Best quality." Akakishusha kigingi, akajiinua, akaenda mlangoni, akaokota raba zangu zilizokuwa na vumbi la wiki nzima, akazigonganisha nje, akaniletea. Kisha akaketi tena kwenye kochi langu, akapandisha miguu, akafumba macho.

"Wewe vaa," akasema. "Mimi ngoja hapa."